Dalali wa mikopo anasema mkopo wa Dubai "umeshapita": nitume fedha?

*"Shikamoo mtaalamu, kama umenizidi umri. Mimi ni mama mfanyabiashara hapa Kigoma, nauza mawese na dagaa. Wateja wangu wengi wanatoka Kalemie na Uvira na wananilipa dola mkononi. Mwanangu wa kwanza ana mwaka wa nne Dubai, yuko kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, mshahara wake dirhamu 9,000. Amekutana na dalali wa mikopo ya nyumba anayesema tunaweza kununua apatimenti ya dirhamu 800,000 kwa kuweka asilimia 20 tu, benki itoe iliyobaki kwa riba ya asilimia 4 na nusu, miaka 25. Anasema mkopo umeshapita, kilichobaki ni mimi kutuma malipo ya awali na dola 1,500 za kufungulia faili. Huduma yake nyingine ni bure. Nina nyumba hapahapa mjini, Mwanga, yenye hati, nimewaza niiweke rehani kuongezea. Kinachonivutia ni hiyo riba, maana hapa benki wananitoza zaidi ya asilimia 15. Je, ni lazima kupitia kwa dalali au mwanangu aende benki mwenyewe? Huyu ni wa kuaminika? Na mimi nikiwa huku Kigoma, hiyo nyumba itakuwa ya nani?"*

Marahaba mama, ingawa nahisi shikamoo ilipaswa kutoka kwangu. Umeuliza mambo matatu, na hilo la mwisho ulilolitupia mwishoni ndilo zito kuliko yote. Nitalifikia. Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya huyo dalali, kwa sababu maelezo aliyokupa yamevuruga pamoja vitu ambavyo benki huvitenganisha: nani anakopesha, nani anaamua, nani analipwa na lini.

Dalali wa mikopo ya nyumba hana fedha ya kukopesha na hana uamuzi. Anachukua nyaraka za mwanao, anazipima na masharti ya benki anazofanya nazo kazi, anapeleka faili pale anapoona litapita, kisha anafuatilia. Wewe unawajua madalali wa Kibirizi wanaosimama kati ya mwenye mtumbwi na mnunuzi wa dagaa. Jambo la kwanza unalotaka kujua kwa dalali wa pale ni nani anamlipa, na kwa huyu wa Dubai swali ni hilohilo. Kawaida analipwa na benki, asilimia ndogo ya mkopo, siku mkopo unapotolewa. Ndiyo maana anasema huduma ni bure. Ni bure kwa maana kwamba hailipwi kutoka mfukoni mwako moja kwa moja.

Hapo kuna mambo mawili ya kukumbuka. Atakuonyesha benki zinazomlipa. Benki isiyo na mkataba naye hutaisikia kinywani mwake hata kama ina masharti mazuri zaidi. Na mkopo ukiwa mkubwa, kamisheni yake nayo inakuwa kubwa. Hilo halimfanyi kuwa tapeli. Linakueleza tu kwamba swali la kama mwanao anapaswa kukopa kabisa si swali ambalo dalali atajiuliza kwa niaba yenu. Hilo mtajiuliza wenyewe.

Faida yake ipo, na sitaki kumvunjia heshima mtu kwa sababu ya cheo chake. Dubai kuna benki nyingi na kila moja ina vigezo vyake: mshahara wa chini, muda wa kukaa kazini, aina ya mwajiri, hata uraia wa mkopaji. Mshahara wa dirhamu 9,000 uko chini ya kiwango cha baadhi ya benki, na mtu anayefanya kazi za zamu hawezi kuzunguka benki kumi kuulizia. Tena kila ombi la mkopo linaingia kwenye kumbukumbu za Al Etihad Credit Bureau, ofisi inayotunza historia za mikopo katika Umoja wa Falme za Kiarabu, na maombi mengi yaliyokataliwa kwa mfululizo hayampendezi afisa mikopo. Dalali mzuri anajua mlango upi usigongwe. Lakini hakuna ulazima. Mwanao anaweza kwenda mwenyewe kwenye benki inayopokea mshahara wake, ambako tayari wanaona miaka yote ya kipato chake, na ningemshauri aanzie huko. Akishapata masharti yao kwa maandishi, ndipo amwambie dalali: nitafutie yaliyo bora kuliko haya. Hapo dalali anafanya kazi kweli.

Sasa hilo la mkopo "umeshapita". Kinachotangulia ni idhini ya awali. Benki inasoma mshahara, stetimenti na madeni ya mkopaji, kisha inaandika barua kwamba iko tayari kumkopesha hadi kiasi fulani, kwa muda wa wiki kadhaa, ikiwa mambo mengine yatakaa sawa. Mambo mengine hayo ni pamoja na nyumba yenyewe: mthamini wa benki ataitembelea, na akiona thamani yake ni dirhamu 740,000 wakati muuzaji anataka 800,000, benki itakokotoa mkopo kwa 740,000 na pengo mtalijaza nyinyi. Mpaka barua ya mwisho itoke na mkataba usainiwe, hakuna mkopo uliopita. Kwa hiyo mwambie mwanao aombe barua ya idhini ya awali. Iwe na jina la benki, kiasi, riba, muda ambao riba haitabadilika, na tarehe ya mwisho wa idhini. Kisha aipige simu benki hiyo kwa namba aliyoitafuta mwenyewe, siyo iliyoandikwa kwenye barua. Ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa dalali si idhini, hata ukiwa na nembo ya benki.

Na fedha. Mama, hizo dola 1,500 usizitume. Dalali mwaminifu anaweza kuwa na ada yake, wapo wa namna hiyo, lakini anaidai baada ya benki kutoa barua ya mwisho, kwa ankara, na inaingia kwenye akaunti ya kampuni yenye jina lilelile lililo kwenye leseni yake ya biashara. Leseni hiyo mwanao aione. Iwe inasema udalali wa mikopo ya nyumba, siyo biashara ya jumla wala ushauri usiojulikana ni wa nini. Vivyo hivyo malipo ya awali: hayapiti mikononi mwa dalali wa mikopo kwa vyovyote vile. Katika nyumba iliyokwisha kujengwa, muuzaji huwekewa amana kwa hundi mkataba wa mauziano ukisainiwa, na salio hulipwa kwa hundi ya benki siku ya kuhamisha umiliki, mbele ya ofisi iliyoidhinishwa na Idara ya Ardhi ya Dubai. Anayekuambia utume dirhamu 160,000 kwake "ili faili litembee" anakuomba kitu ambacho utaratibu wa nchi ile haukihitaji. Siwezi kumhukumu mtu nisiyemwona, lakini nilipokuwa upande wa benki, maneno "umeshapita" na "tuma kwanza" yakikaa kwenye sentensi moja, tulisimamisha kila kitu.

Tuchukulie sasa kwamba ni mtu wa kweli na benki ni ya kweli. Hesabu inakaaje?

Asilimia 20 aliyokutajia ipo kwenye kanuni. Benki Kuu ya huko inaruhusu mgeni anayeishi nchini, kwa nyumba ya kwanza isiyozidi thamani ya dirhamu milioni 5, akopeshwe hadi asilimia 80. Kabla ya 2020 ilikuwa 75. Hicho ni kikomo cha juu, na benki inaweza kutoa chini yake. Alichokiacha ni gharama za kununua. Idara ya Ardhi inatoza asilimia 4 ya bei: kwa nyumba yenu ni dirhamu 32,000. Kusajili rehani ni robo ya asilimia moja ya mkopo, 1,600 na senti zake. Wakala aliyewauzia nyumba (huyu ni mtu mwingine, msimchanganye na dalali wa mikopo) kwa desturi huchukua asilimia 2 pamoja na VAT, yaani 16,800. Benki inaweza kutoza hadi karibu asilimia 1 ya mkopo kwa kuuandaa, hapo ni kama 6,400. Ongeza mthamini na ofisi ya kuhamisha umiliki, weka 7,000. Jumla inakaribia dirhamu 64,000 juu ya zile 160,000. Zamani benki nyingine ziliingiza sehemu ya gharama hizi ndani ya mkopo. Tangu Februari 2025 Benki Kuu imekataza ada ya Idara ya Ardhi na kamisheni ya wakala kukopeshwa. Ni fedha taslimu. Kwa kurahisisha, tuseme dirhamu moja ni shilingi 700: ulikuwa unajiandaa na milioni 112, kumbe ni kama milioni 157. Nina wasiwasi kwamba hiyo tofauti ya milioni 45 ndiyo ingekupeleka kwenye nyumba ya Mwanga.

Rejesho la mkopo wa dirhamu 640,000 kwa asilimia 4 na nusu, miaka 25, ni kama 3,557 kwa mwezi. Kanuni inasema madeni yote ya mtu kwa mwezi yasizidi nusu ya kipato chake, yaani 4,500 kwa mwanao. Anapita, lakini kwa kubanwa. Akiwa na mkopo wa gari wa dirhamu 1,200 tu, amekwama. Kadi ya mkopo nayo huhesabiwa, hata asipoitumia, kwa sehemu ya kikomo chake. Muulize bila kumfokea. Vijana wengi walioko kule wana kadi mbili tatu ambazo nyumbani hazitajwi.

Halafu ile asilimia 4 na nusu si ya miaka 25. Kwa kawaida riba hufungwa kwa miaka ya mwanzo, mmoja hadi mitano, kisha inaanza kufuata riba ambayo benki za huko hukopeshana, iitwayo EIBOR, ikiongezwa kiasi fulani. Dalali anatangaza namba ya miaka ya mwanzo. Nyinyi muulizeni ya baadaye: ni EIBOR ya miezi mingapi, ikiongezwa ngapi, na je kuna kiwango cha chini ambacho haishuki? Riba ikifika asilimia 7, rejesho la mkopo huohuo mzima linakuwa kama dirhamu 4,523, zaidi ya nusu ya mshahara wake wa leo. Miaka ya mwanzo mtakuwa mmepunguza deni kidogo, kwa hiyo haitakuwa hivyo kwa usahihi, lakini ukubwa wa jambo unauona. Mkitaka kuhamia benki nyingine au kumaliza deni mapema, ada yake ina kikomo: asilimia 1 ya deni lililobaki au dirhamu 10,000, ile iliyo ndogo. Hicho ni kipengele kizuri cha sheria yao.

Kama riba inakusumbua kwa upande wa dini, na Ujiji najua wengi wataniuliza, ziko benki za Kiislamu zinazotumia ijara: benki inanunua nyumba, inampangishia mwanao, na umiliki unahamia kwake mwishoni. Kisheria na kidini ni mkataba tofauti. Kwa mfuko, malipo ya kila mwezi yanakaribiana na ya benki nyingine na mara nyingi nayo hupanda na kushuka kwa kufuata EIBOR, kwa hiyo maswali ni yaleyale.

Sasa nikuondoe kwenye ule mvuto wa asilimia 4 na nusu dhidi ya 15, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoingia kwa miguu miwili. Namba hizo mbili hazilinganishwi moja kwa moja kwa sababu ni za fedha mbili tofauti. Dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997: dola moja ni dirhamu 3.6725, haiyumbi. Kwa hiyo anayekopa dirhamu amekopa dola kwa jina lingine. Rejesho la dirhamu 3,557 ni kama dola 969. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 2,330. Dola 969 zilikuwa shilingi milioni 2 na laki 2 na nusu. Katikati ya 2024 dola ilikuwa imevuka 2,600, na dola 969 zilezile zilihitaji zaidi ya milioni 2 na nusu. Riba haikubadilika hata nukta moja, ila mwenye kipato cha shilingi alijikuta anatafuta zaidi ya robo milioni ya ziada kila mwezi. Mwisho wa mwaka huo dola ikarudi hadi karibu 2,400, kwa hiyo sisemi kwamba hupanda tu. Nasema kwamba hujui. Na unakumbuka 2023, shilingi ukiwa nazo mkononi, dola kwenye benki zilikuwa hazipatikani kirahisi. Deni halisubiri dola zipatikane.

Mwanao analipwa dirhamu, kwa hiyo akiwa kazini hana tatizo hilo. Na wewe, tofauti na mwalimu anayelipwa shilingi, una wateja wanaokulipa dola. Hiyo ni nguvu, ingawa tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza bidhaa zinazouzwa nchini kulipiwa kwa fedha za kigeni. Lakini dola zako zina tatizo lingine: ziko mkononi na hazina karatasi.

Hili nalo huwa linawashangaza wafanyabiashara wa mwambao wetu. Benki ya Dubai haitauliza tu kama fedha ipo. Itauliza imetoka wapi. Umoja wa Falme za Kiarabu uliwekwa kwenye orodha ya uangalizi ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji wa fedha, Machi 2022, ukatoka Februari 2024, na benki zake hazina hamu ya kurudi huko. Tanzania nayo iliingia Oktoba 2022 pamoja na Kongo, ikaondolewa Juni 2025. Afisa wa benki akiona dola zimetoka kwa mfanyabiashara wa Kigoma anayelipwa taslimu na wateja wa Kongo, atataka ankara, nyaraka za forodha, hesabu zilizokaguliwa, uthibitisho wa kodi kutoka TRA, na stetimenti ya benki inayoonyesha fedha ikiingia kidogo kidogo kwa miezi mingi. Rundo la dola lililoingia benki wiki iliyopita litamletea mwanao maswali yeye, kwa sababu ndiye atakayepokea. Usichukue njia ya mkato ya kumpa mfanyabiashara mwenzako dola hapa ili mtu wake amkabidhi mwanao kule. Fedha hiyo ikifika haina asili inayoonekana, na kwa ununuzi wa nyumba haina thamani. Wala usimbebeshe mtu: kuvuka mpaka wa Tanzania na zaidi ya dola 10,000 bila kutamka ni kosa, na kuingia kule na zaidi ya dirhamu 60,000 lazima utamke pia.

Kuna upande wa sheria yetu ambao dalali wa Dubai hawezi kuujua wala haumhusu. Mtanzania anayeishi nchini akitaka kupeleka fedha nje kununua mali, anaongozwa na Kanuni za Fedha za Kigeni za 2022. Zimelegeza mambo kwa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC. Dubai haimo humo, na kwa nchi za nje ya hapo ruhusa ya Benki Kuu ya Tanzania inaingia kabla ya fedha kutoka. Ungekuwa wewe ndiye mkopaji, mkopo wenyewe ungepaswa kusajiliwa Benki Kuu kupitia benki yako na kupewa namba ya kumbukumbu ya deni. Mwanao anaishi na kuchuma kule, fedha yake iko huru na hili. Ya kwako inayotoka Kigoma ndiyo inayoguswa.

Nyumba ya Mwanga. Benki ya Dubai haitaikubali kama dhamana, kwa sababu haiwezi kuiuza mkikwama. Kwa hiyo ungeiweka rehani kwenye benki ya hapa, kwa shilingi, kwa hiyohiyo riba ya asilimia 15 unayoikimbia, ili upate malipo ya awali ya mkopo mwingine. Apatimenti moja, madeni mawili, fedha mbili. Kama una mume na mnaishi humo, Sheria ya Ardhi ya 1999 inadai ridhaa yake kwanza. Hata akiridhia, mimi napinga, na hapa sipimi pande mbili. Mwanao akipoteza kazi miezi sita, visa yake ya ukaazi ikayumba na mpangaji akahama, ungetakiwa kulipa marejesho mawili kwa dagaa na mawese, na nyumba ya kwanza kupigwa mnada ingekuwa ile unayolala.

Tufike kwenye swali lako la mwisho. Ukituma fedha na mwanao akasaini, nyumba itakuwa ya mwanao. Hati itasoma jina lake, deni litasoma jina lake, na milioni zako zitahesabika kuwa zawadi, isipokuwa kuna maandishi yanayosema vinginevyo. Simsemi vibaya mtoto wako. Nawaza mambo ya kawaida: akioa, akiachana, akifa. Benki itamtaka awe na bima ya maisha inayolipa deni akifariki, lakini nyumba yenyewe itagawanywa kwa warithi kwa mujibu wa dini yake na wosia wake kama ameuandikisha kule, na sehemu yako haitakuwa kile ulichotoa. Hukuniambia kama una watoto wengine. Kama wapo, wajue mapema kwamba mtaji wa mama umekwenda kwenye hati ya mmoja wao. Nimeona hili likigawanya watu kuliko riba yoyote.

Mnaweza kuandikishwa wote wawili kwenye hati kwa mafungu. Sheria ya Dubai ya 2006 inaruhusu wageni kumiliki kwenye maeneo yaliyotengwa, hata wasioishi huko. Ugumu ni kwamba benki kwa kawaida hutaka kila aliye kwenye hati awe pia kwenye mkopo, na wewe kama mkopaji asiye mkaazi utapunguza asilimia watakayotoa, au benki ikatae kabisa. Njia nyepesi ni mkataba wa mkopo kati yako na mwanao, ulioandikwa na wakili, unaosema umempa kiasi gani, atakurudishia vipi na nini kitatokea nyumba ikiuzwa. Mwonyesheni na afisa mikopo wa huko, kwa sababu deni la mama nalo ni deni, na kulificha kwenye fomu ya benki ni uongo. Ukiwa mmiliki mwenza na kupata kodi ya pango, kumbuka kwamba Mtanzania mkaazi hutozwa kodi hapa hata kwa kipato cha nje.

Kuhusu yeye mwenyewe: deni la kule ni zito kwa mwili wa mtu, si mali peke yake. Mkopo ukishindikana na benki ikaenda mahakamani, mahakama inaweza kumzuia asisafiri nje ya nchi mpaka jambo liishe. Mama anayetegemea mwanae aje msibani au harusini alipime hilo.

Je, muachane na nyumba? Si lazima. Ningekuwa nyinyi ningeanza upya kwa nyumba ndogo zaidi, bei ambayo hata riba ikiwa asilimia 7 rejesho halivuki theluthi ya mshahara wake, na malipo ya awali yatoke kwenye akiba yake kwanza, ya kwako iwe nyongeza unayoweza kuipoteza bila kugusa mtaji wa mzigo. Ulizeni pia ada ya huduma ya jengo, inayolipwa kila mwaka kwa ukubwa wa nyumba, maana ndiyo inayokula kodi ya pango. Kuna pia nyumba zinazouzwa zikiwa bado ramani, kwa kulipa kampuni inayojenga awamu kwa awamu bila benki. Sheria ya 2007 inataka fedha hizo ziingie kwenye akaunti maalumu ya mradi, lakini mradi ukichelewa mnasubiri, na benki huko hazikopeshi zaidi ya nusu ya bei kwa nyumba za aina hiyo. Kwa familia yenye mshahara mmoja sioni kama ni nafuu.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Nenda kwenye tawi la benki yako pale mjini, omba kuonana na anayeshughulikia fedha za kigeni, na umwombe akupe kwa maandishi kinachohitajika kabla ya kutuma kiasi hiki Dubai. Siku hiyohiyo anza kuweka fedha za mauzo benki, kila mzigo na ankara yake. Miezi kumi na miwili ya rekodi hiyo itakusaidia hata kama Dubai itashindikana. Muone wakili mwenye leseni hai kwa ajili ya mkataba kati yako na mwanao. Mkihitaji hati ya uwakilishi ya kutumika kule, ithibitishwe kupitia Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wao, na iwe ya jambo moja lililotajwa, siyo ya mambo yote. Kwa upande wa Dubai, mwanao alipe wakili wa huko asome mkataba wa benki na wa mauziano kabla hajasaini; ni gharama ndogo ukiilinganisha na dirhamu 64,000. Wakala wa nyumba amhakiki kwa namba ya kadi yake kwenye programu ya Idara ya Ardhi iitwayo Dubai REST. Na kama kuna nakala za hati ya Mwanga au fomu yoyote uliyoisaini ikiwa na nafasi tupu mikononi mwa huyo dalali, usingoje mpaka mkopo ujulikane: mwone wakili wiki hii, uende na fomu, ujumbe wote wa simu mliotumiana, na mwanao akiwa hewani, kwa sababu saini inayotafutwa ni yake.